Fomu ya Uzamili Niliyoifungia Sandukuni

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyoitwa ofisini Mbulu na mkuu wangu wa kazi, Mzee Selemani. Nilikuwa bwana shamba kijana kule Masieda, miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile fomu yako ya kusomea uzamili iko wapi? Mwalimu wako wa chuo kikuu ameniandikia, anashangaa hajaipata."

Fomu ilikuwa sandukuni kwangu, imejazwa. Nakala ya shahada ya kwanza ilikuwemo, barua za wadhamini wawili, na andiko la utafiti. Nilitaka kuandika jinsi Bibi Paskalina, mkulima wa pale kijijini, na wazee wenzake walivyozuia udongo usichukuliwe na maji kwenye miteremko ile mikali. Bibi yule alikuwa akinitembeza shambani kwake, ananieleza kwa nini mfereji huu umekatia huku, kwa nini majani yale hayang'olewi. Ilibaki ruhusa ya mwajiri tu.

"Nilidhani utanikatalia, mzee. Watu wanahama, kazi ni nyingi."

Akaniuliza, "Kwa hiyo ukajikatalia mwenyewe? Kijana, kukataa ni kazi yangu. Yako ilikuwa kuomba. Na mimi ningekuruhusu."

Muda wa maombi ulikuwa umeshapita. Kabla ya mwaka mwingine Mzee Selemani akahamishwa. Nikaomba kwa mkuu mpya, akakataa kweli. Nikaomba tena, na tena. Nilipokuja kuruhusiwa, Bibi Paskalina alikuwa ameshafariki, na wenzake karibu wote. Nikasomea jambo jingine, nikahitimu, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo nikipita kwenye miteremko ile husimama kidogo. Natamani kumuuliza Bibi Paskalina mambo mawili matatu tu.

Basi usifanye kama mimi, mwanangu. Ulizia mapema chuo kina masomo gani ya uzamili na maombi yanafungwa lini. Mwandikie mwalimu anayeijua fani yako. Waombe wadhamini barua wangali wanakukumbuka, kisha mwendee mwajiri wako, umwombe ruhusa kwa maandishi. Akikataa, na akatae yeye.

Mungu akupe kinywa cha kuomba, na akuwekee hai wale unaotamani kujifunza kwao.