Benchi la Mama Sifa

Nakumbuka adhuhuri moja mjini kwetu, Kongo, redio ikiwa imeshatangaza amani, tuliposikia masufuria yakigongwa.

Ngoja nikueleze, mwanangu. Serikali ilikuwa imeturudishia bendera, na polisi mmoja mwenye pikipiki isiyo na mafuta. Bunduki zilibaki kwa vijana wasiojua kazi nyingine, wakawa wanyang'anyi. Basi mtaa ukajipangia: aliyeona mwizi agonge sufuria, wote watoke na fimbo. Asiyetoka alishukiwa.

Adhuhuri ile walimkamata kaka yangu Safari, kwa sababu ya koti la jeshi alilolinunua kwenye mitumba. Mimi nilishikwa na wanaume wawili nisimfikie. Jirani yetu Mama Sifa, mzee muuza makaa, akamlalia Safari kumkinga.

"Mumuache! Ni mutoto wa hapa!"

"Toka, mama! Ao munakula naye vya wizi?"

"Basi mumupeleke kwa polisi."

"Ule mwenye kuomba essence ya pikipiki hata ya kwenda chooni?"

Wakacheka, lakini wakampeleka. Kituo kilikuwa na kufuli. Mshahara haukufika, polisi alikuwa shambani kwake akilima. Safari alifia pale mlangoni, kwa fimbo zao.

Nilipochukua panga nilipize, Mama Sifa alinifokea: "Rudisha hiyo! Kesho unisindikize kituoni."

Tukakaa kwenye benchi la nje kumngoja polisi, asubuhi kwa asubuhi, na gunia lake la makaa. Watu wakatucheka. Wakati huo wenye fimbo walikwisha kuanza kututoza sisi wenyewe ulinzi, na waliochoka kutozwa wakaja kuketi nasi, hata polisi akaona haya, akafungua kituo.

Sasa umenipigia kutoka Isipingo, ng'ambo ya pili ya mji huu wa ugenini, kusini mwa Afrika. Duka lako la simu limevunjwa, na vijana wa stendi wanakuita mkamshughulikie mtu mnayemshuku. "Eish, papa, polisi hawakuye hata ukiwaita," umesema. Najua. Nimeishi hapa Cato Manor miaka mingi, najua.

Hata hivyo usiende nao. Fimbo unayowakopesha leo itabisha mlangoni kwako. Nenda kituoni, wakikupuuza rudi, na uende na majirani. Kesho nitapanda teksi nije tuketi wote. Kwangu hakuna anayeningoja.

Mungu ailinde mikono yako, mwanangu, na huyo unayemshuku afike kwao jioni, kaka yake ampokee akiwa hai.