Kuku wa Kitambaa Chekundu

Kuna dawa moja ya zambarau ambayo wauguzi hutoa kwa ajili ya watoto wachanga, ya kupaka mdomoni ulimi unapoota utando mweupe. Juzi nilimpaka mwanangu, ikanitapakaa vidoleni, na nilipojaribu kuiosha ikakolea zaidi, kama ilivyo kawaida yake. Nikakaa kizingitini kwangu hapa mtaa wa New Site, Juba, nikiangalia vidole vyangu, na mara mawazoni nikajikuta Munuki, mtaa wetu wa zamani, kwenye ua wa bibi yangu, ambako dawa ile haikuwa ya watoto wa watu. Ilikuwa ya vifaranga.

Msicheke. Mwewe amezoea kifaranga cha manjano au cha kahawia. Akiona kitu cha zambarau kinatembea chini anasita, anazunguka tena angani kujiuliza, na kule kujiuliza kwake kunampa mama kuku nafasi ya kuwaita watoto wake chini ya kichaka. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Haboba, maana sisi bibi tunamwita Haboba, kwa Kiarabu cha Juba. Wapo wanaobisha kwamba rangi haisaidii kitu. Waende wakabishane na mwewe.

Haboba alikuwa amekaa ukimbizini Uganda miaka mingi, na aliporudi Juba nasi alishuka kwenye lori akiwa na sufuria zake, Biblia yake, na kuku kwenye tenga. Kabila letu linaitwa Kuku, kwa hiyo utani tuliopata pale barabarani naomba mniachie mwenyewe. Yeye hakujali. Alichojali ni kwamba kuku wake watembee. Kuku wa kufungiwa alimwona kama mgonjwa aliyelazwa. Lakini kuwaachia mtaani kama Munuki, penye mbwa, bodaboda, mwewe na majirani wenye njaa, ilikuwa kazi yenye utaratibu wake, na utaratibu huo hakuna aliyeruhusiwa kuuchezea.

Kuku mgeni aliwekwa kwanza chini ya tenga hadi azoee sauti zetu. Kisha Haboba alimbeba kwapani, akamzungusha mafiga ya jikoni, akimnong'oneza maneno ambayo sikuwahi kuyasikia vizuri. Kuku aliyezungushwa mafiga ni wa nyumba hiyo, basi, hata akienda mbali atarudi. Siku za mwanzo alimfungulia jioni tu, akiwa na njaa, asiwe na hamu ya kufika mbali. Halafu akagonga kopo la bati la maziwa kwa kijiko, tang tang tang, akamwaga mtama kiganjani mwake mara moja, si zaidi. Na mguuni kila kuku alifungwa kitambaa, ili mtu asiseme hakujua ni wa nani. Wetu walikuwa na kitambaa cha buluu kilichochanwa kutoka kwenye lawa yake ya zamani, lile shuka wanawake wa kwetu wanalofunga begani.

Kuku wa kitambaa chekundu walikuwa wa Mama Nyabol, jirani wa upande wa pili wa ua wa matete. Yeye ukimbizi wake aliufanyia Kenya, kambini Kakuma, na kabila lake halikuwa letu. Kiarabu cha Haboba kilikuwa cha kuombea maji, cha Mama Nyabol hakikuwa bora zaidi, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, mmoja cha Uganda, mwingine cha Kenya, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayekiharibu. Nilikuwa napenda kuwasikiliza. Walibishana juu ya kuku, juu ya chumvi, juu ya Mungu, na waliposhindwa kuelewana walicheka.

Kisha vita vikaingia mjini. Vilianza kwa milio ya mbali ambayo Mama yangu, binti wa Haboba, alisema ni radi, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe. Baada ya muda mfupi tukajua. Watu wa kabila la Mama Nyabol walikuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Yeye na binti yake walikimbilia kambi ya hifadhi nje ya mji, na waliondoka kwa haraka ya kuacha chungu motoni. Nasi tukafunga vitu vyetu twende kujificha kwenye uwanja wa kanisa.

Mama alitaka banda letu lipigwe kufuli, kwa sababu ya wezi. Haboba alifanya kinyume. Alilifungua wazi, akajaza maji kila beseni tulilokuwa nalo, kisha, risasi zikilia barabara ya nyuma, akapenya kwenye tundu la ua wa matete akaenda kwa Mama Nyabol. Mama alipiga kelele, "Haboba! Unaenda wapi? Tunakufa kwa sababu ya kuku?" Tulisikia akivunja kufuli la banda kwa jiwe. Kuku wa kitambaa chekundu wakamiminika nje, na yeye nyuma yao, amejaa vumbi, anahema.

"Ikifungiwa itakufa na kiu," alisema. "Ikiwa nje, ina akili yake."

Tuliporudi kutoka kanisani, mlango wetu ulikuwa umeng'olewa na magodoro hayakuwapo. Mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia nzi. Haboba hakuingia hata ndani. Alichukua bati, akasimama katikati ya ua, akagonga. Mwanzoni hakuna kitu. Akagonga tena. Ndipo kuku wakaja. Walitoka juu ya mwembe wa watu, walitoka mtaroni, walitoka kwenye nyumba zilizoungua, wakiwa na majivu mgongoni, wakikimbia na mabawa wazi. Buluu na nyekundu pamoja. Si wote, lakini wengi, zaidi ya alivyothubutu kutegemea mtu yeyote pale uani. Mama yangu, aliyekuwa amenuna tangu kanisani, aliketi chini akalia.

Ninyi mtadhani hadithi imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Nilidhani kuku wale wote sasa ni wetu, na tumbo langu lilishapanga mambo yake.

Ilipofika jioni, Haboba alifanya kitu cha ajabu. Wale wa buluu aliwaingiza bandani kwetu. Wale wekundu akawaswaga polepole, kwa tete refu, wakapita tundu la ua, hadi kwa Mama Nyabol, ambako hapakuwa na mtu wala taa. Akawalaza kwenye banda lao. Asubuhi akaenda kuwafungulia. Akafagia na ule ua, akamwagia maji vumbi, akarudi. Kesho yake hivyohivyo. Na kesho yake.

Mama alivumilia kwa muda. Mtama ulikuwa haba mjini, majahazi ya Nile yalikuwa hayaji, na tulikuwa tunachinja kuku wetu mmoja baada ya mwingine huku wale wa jirani wakinenepa. Walitaga, wakaatamia, wakatotoa, na Haboba akavipaka vifaranga vyao zambarau, akavifunga vitambaa vyekundu vilivyochanwa kwenye kanga ya Mama Nyabol iliyobaki kwenye kamba. Siku moja Mama akasema, kwa upole kabisa, "Haboba, huyu mama harudi. Wazungushe tu mafiga yetu, yaishe."

Sijawahi kumwona Haboba amekasirika vile. Alikuwa mtu wa utani, mdomo wake haukukauka maneno. Siku ile aliweka kijiko chini, akamwangalia binti yake.

"Mafiga yake iko," alisema. "Mimi naiona kila siku."

Akainuka akaenda zake, na sisi tukala ugali mtupu. Nilimwona bibi mkaidi, na mtaa mzima ulisema amerukwa na akili.

Basi alasiri moja wakaja wanaume, na mbele yao mmoja mwenye viatu vinavyong'aa na bastola kiunoni. Walikuwa na kamba ya kupimia na vigingi. Siku zile ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ikikaa bila mtu, anaingia mwenye nguvu, na akishapika mle ndani hakuna wa kumtoa. Nilichungulia kwenye matete, maana Haboba alikuwa kule kule, uani kwa Mama Nyabol, ameshika bati lake.

"Sidu bet fi wen?" aliuliza yule mwenye viatu, mwenye nyumba yuko wapi.

Haboba alijifanya hajui Kiarabu hata kile chake kidogo. Mmoja wa wale vijana alikuwa amekulia Uganda, akamtafsiria kwa Kiswahili.

"Mwenye nyumba iko," alisema Haboba. "Ametoka. Ngoja, mtaona."

Akagonga bati. Kuku wa kitambaa chekundu wakaja kutoka kila upande wa mtaa, majogoo, matetea, vifaranga vya zambarau nyuma ya mama zao, wakapita katikati ya miguu ya wanaume wale kama watu wanaoingia ibadani, hakuna aliyegeuka kuangalia pembeni. Wakaingia bandani mmoja mmoja. Ua ulikuwa umefagiwa. Kwenye mafiga kulikuwa na majivu mapya, na hapo ndipo nilipojua kwamba Haboba alikuwa anawasha moto kule.

"Kuku inaweza kulala kwa nyumba haina mtu?" aliuliza Haboba.

Yule kijana wa Uganda akacheka, kisha akaacha. Nadhani hata yeye alikuwa na bibi mahali fulani. Aliinama akamwambia mkubwa wake neno sikioni. Mwenye viatu aliangalia banda, akaangalia majivu, akamwangalia mwanamke mzee aliyekuwa mfupi kuliko bega lake. Wakaokota vigingi vyao. Walipima kiwanja cha mbele yake, na mwenye kiwanja kile mpaka leo anapanga chumba mjini kwake mwenyewe.

Mama Nyabol alirudi nikiwa nimeshaanza kumzidi Mama kimo. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, binti yake amekuwa mwanamke. Walisimama getini kwao, na nilimsikia akiita kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kugombana na yeyote.

"Hodi?"

Haboba alitoka kwenye banda lao na mayai kwenye lawa yake.

"Wewe unapiga hodi kwa nyumba yako?"

Mama Nyabol aliangalia kuku miguuni, wote na vitambaa vyekundu. "Na hawa ni wa nani?"

"Yako. Zile ya zamani zimekufa, hii ni wajukuu." Haboba akamkabidhi mayai, akajishika kiuno. "Umechelewa sana. Mimi nimechoka na kuku yako."

Nimeona wengine wakirudi tangu siku ile. Wanakuta kufuli jipya mlangoni na watoto wasiowajua wakichungulia dirishani. Wanasimama kidogo barabarani, wanauangalia mti walioupanda wenyewe, kisha wanaondoka bila kelele. Ni kwa kuwaona hao ndipo nilipomwelewa Haboba, naye alikuwa ameshazikwa. Kila jioni alikuwa akimwekea mwanamke mwenzake mahali pa kurudi, mbele ya macho yetu wote, na sisi tulikuwa tunaangalia kuku.