Fundi Achia Abana Tumbo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Fundi Achia, na wapo wateja waliomjua tangu utotoni bila kujua kama ana jina jingine. Jina lenyewe lilitokana na neno alilolitamka mara nyingi kuliko salamu. Mteja akisimama mbele ya kioo apimwe suruali, fundi akimzungushia futi yake ya kitambaa kiunoni, tumbo la mteja lilirudi ndani lenyewe. Hapo fundi alisimamisha kazi, akamtazama mtu kwa juu ya miwani.

"Achia."

"Nimeachia, fundi."

"Hujaachia. Unapumulia mabegani. Achia tumbo, hapa hujaja kuposa, umekuja kushonewa suruali."

Baada ya hapo ilifuata hotuba, na hotuba haikukwepeka. Kwamba futi haijawahi kusema uongo tangu iumbwe, mwongo ni anayepimwa. Kwamba anayebana tumbo siku ya vipimo ndiye huyo huyo anayerudi na suruali mkononi, mshono wa nyuma umefumuka, akidai ameibiwa kitambaa. Hata daktari wa kituo cha afya, mtu mwenye kitambi cha heshima, alisomewa hotuba hiyo mbele ya wateja wengine siku alipokuja kupimwa koti. Daktari alicheka na wenzake, lakini hakusahau.

Kitu cha pili kilichomtambulisha fundi ni kastabini, kile kikofia cha bati ambacho washonaji huvaa kidoleni ili sindano isiwachome. Yake ilikaa kidole cha kati cha mkono wa kulia na haikuvuliwa ovyo. Mke wake alisema alijua siku ya kwanza kwamba anaolewa na watu wawili, fundi na kile kibati chake. Kastabini hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake fundi, mshonaji kama yeye, na ilikuwa imepasuliwa ubavuni ikapanuliwa. Marehemu aliipanua mwenyewe vidole vyake vilipoanza kuota vinundu. Watu walipouliza, aliwaambia ni sugu za mkasi, na hakuna daktari aliyewahi kuonyeshwa mikono ile. Miaka yake ya mwisho alikaa mlangoni pa duka, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine, visikutane. Mwanawe alikuwa akipita, anamtungia uzi huku akizungumzia mambo mengine, ili pasiwe na wa kushukuru wala wa kushukuriwa.

Fundi Achia aliporithi kastabini ile, ilimpwaya. Alikuwa anachomeka kipande cha kitambaa ndani yake ili itulie. Hilo kila mtu dukani alilijua. Ambalo hakuna aliyelijua, hata mke wake, ni kwamba kitambaa kile kilikuwa kimepungua mwaka hadi mwaka, kisha kikaondoka kabisa. Kastabini ya baba sasa ilimkaa sawasawa. Fundi aliijua vizuri maana ya jambo hilo, kwa kuwa kupima ndiyo kazi yake, na lilimtia hofu kiasi kwamba hakutaka hata kulifikiria peke yake.

Basi, alfajiri moja kidole gumba cha mguu kiliamka kabla ya mwenyewe. Kilikuwa kimevimba, kinang'aa, kina joto la pasi. Shuka likikigusa, fundi analia kwa sauti ambayo mke wake hakujua kama anayo.

"Ni cherehani," alisema. "Nimekanyaga sana jana."

"Jana ulishinda unapiga domo na muuza vifungo," mke wake alimjibu. "Vaa kandambili, twende."

Alivaa moja. Nyingine aliibeba mkononi.

Daktari alikikagua kidole bila kukigusa, akampa dawa ya maumivu, akaagiza apimwe damu kuangalia asidi ya yuriki. Majibu yalitoka: sita nukta mbili. Kikomo cha wanaume katika maabara ile kilikuwa saba.

"Usishangilie," daktari alimwambia. "Kipimo cha leo nakichukua kwa tahadhari. Kidole kipoe kwanza, halafu baada ya wiki mbili urudi tupime tena. Na maini na nyama nyekundu ziache kwanza. Pombe hunywi, nashukuru."

Mtu mwenye hofu husikia anachotaka. Fundi alisikia sita nukta mbili, tena sita ni chini ya saba, mambo yakaishia hapo. Alirudi mtaani akichechemea kama shujaa wa vita. Muuza vifungo aliambiwa damu ya fundi ni safi. Mpiga pasi wa jirani aliambiwa. Wateja waliambiwa wakiwa na futi shingoni, hawana pa kukimbilia. Jioni ya siku maumivu yalipokwisha alijinunulia maini ya kukaanga, akala mbele ya mke wake huku akimtazama usoni.

"Wiki mbili hazijaisha," mke wake alisema.

"Nani amekataa? Nitarudi. Tena nitawaletea namba ndogo zaidi ya ile."

Hapo ndipo alipoharibu. Ingemtosha kwenda kama alivyo. Lakini fundi alikaa akapiga hesabu zake: asidi inatokana na kinachoingia mwilini, kisipoingia kitu, itatoka wapi? Siku mbili kabla ya kipimo alisusa chakula. Maji nayo aliyatilia shaka, akayaacha, akabaki na vikombe viwili vya chai ya rangi visivyojaa. Kisha akafunga mlango wa duka mchana wa jua kali, akavaa koti zito la mteja, akawa anaruka mahali pamoja kati ya cherehani na meza ya kukatia, jasho likimchuruzika hadi kisiginoni. Mke wake alichungulia dirishani, akaona mzee wa miaka hamsini na tisa anarukaruka ndani ya koti la mtu. Akaondoka kimya kimya. Kuna mambo mwanamke akiyauliza atacheka hadi aanguke, na alikuwa na sufuria jikoni.

Siku ya kipimo fundi alifika kituoni midomo imemkauka, macho yameingia ndani, mwenyewe akijiona mwepesi kama hariri. Alitolewa damu, akakaa kwenye benchi na mke wake, miguu ikitikisika kwa furaha. Walipoitwa ndani, daktari alikuwa na karatasi ya majibu mezani na uso usiosomeka.

"Tisa nukta nne," daktari alisema.

"Tisa nukta ngapi?"

"Nne."

"Daktari, mmechanganya na ya mtu mwingine."

"Leo ulikula nini, fundi?"

"Sijala."

"Jana?"

"Jana pia... sikuwa na hamu."

"Maji?"

Mke wake alisubiri mumewe ajibu mwenyewe, na alipoona hana mpango huo, alimwaga mtama wote: maini, chai ya rangi, mlango uliofungwa, koti la mteja, kuruka. Alipofika kwenye kuruka alisimama akaonyesha kidogo.

Daktari aliegemea kiti. Alimtazama mgonjwa wake kwa juu ya miwani, taratibu, kama mtu aliyeingoja siku hiyo kwa muda mrefu.

"Fundi," alisema, "umebana tumbo."

Mke wake alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Fundi hakucheka. Lile neno lilimpata penyewe.

"Sikiliza," daktari aliendelea, na sasa sauti ilikuwa ya upole. "Hii asidi ni taka tu. Mwili unavunjavunja chembe zake zilizochakaa, na zilizomo kwenye chakula, yanabaki mabaki. Figo zinayachuja, unayakojoa. Yakizidi, au figo zisipoyatoa vya kutosha, yanajaa kwenye damu. Yakijaa sana yanaweza kuganda kwenye kiungo, yanakuwa vijichembe vyenye ncha kama sindano. Ndiyo jongo hiyo, wengine wanaiita gauti."

"Sasa mimi sikula. Yamejaaje?"

"Mtu akijinyima chakula, mwili unaanza kujila wenyewe, na taka ni zile zile. Maji umeyanyima, figo zitasafirishia nini? Kuruka nako kumekutoa maji, asidi umeiacha ndani. Umefanya kila kitu cha kuipandisha, bado tu kuimba."

"Na ile sita ya mwanzo?"

"Kidole kikiwa kinawaka, asidi kwenye damu inaweza kushuka kwa muda. Ndiyo maana nikakwambia urudi. Hukunisikia mimi, ulisikia namba. Na namba peke yake si ugonjwa, fundi. Wapo wenye nane na hawajawahi kuumwa hata ukucha. Mimi naisoma namba pamoja na mtu mzima aliyeibeba. Sasa wewe umeniletea nusu mtu. Kuna kingine kinachokusumbua? Mguu, mkono, popote?"

Mke wake aliacha kujipepea. Fundi Achia alikuwa akiizungusha kastabini kidoleni, nayo haikuzunguka vizuri. Alitamani kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na baba yake alikuwa amelitumia miaka mingi. Akaikamata kastabini kwa vidole viwili, akaivuta. Ilikwama kwenye kiungo. Akaivuta tena huku akiuma meno, ikatoka, akauweka mkono juu ya meza ya daktari, kiganja chini.

Pembeni ya kiungo cha kidole cha kati palikuwa na kinundu kigumu, cheupe kidogo katikati, kama punje ya mchele chini ya ngozi.

"Baba watoto," mke wake alisema kwa sauti ndogo. "Tangu lini?"

"Tangu kitambaa kilipoacha kuingia."

Mke wake alielewa pale pale. Alimjua marehemu mkwewe, na yeye pia aliwahi kumtungia uzi. Alimshika mumewe bega, hakumtania tena siku hiyo, na hilo lilimwogopesha fundi kuliko tisa nukta nne.

"Itakuwa kama mikono ya baba?" fundi aliuliza.

"Baba yako alipimwa lini?" daktari aliuliza.

"Hakupimwa."

"Basi si lazima iwe kama yake. Kinundu hicho ni mabaki yale yale yaliyoganda, na yanatibika. Nenda ukale kama unavyokula, unywe maji kama mtu, ulale. Urudi wiki ijayo. Na fundi, siku hiyo..."

"Najua," fundi alisema. "Niachie."

Wiki iliyofuata alikwenda ameshiba wastani, amekunywa maji, hakuruka popote. Ilisoma nane nukta tatu. Haikuwa namba ya kutangazia mtaa, lakini ilikuwa yake. Daktari alimpima figo pia, kisha akamwanzishia kidonge cha kila siku cha kushusha asidi, akamwonya kwamba miezi ya mwanzo kidole kinaweza kuwaka tena na asikasirike akatupa dawa. Kiliwaka kweli, mara moja, na alikasirika kweli, ila mke wake alikuwa ameificha dawa ili asiitupe. Lengo lilikuwa kushuka chini ya sita na kubaki huko. Ilipofika tano nukta saba fundi aliuliza kama sasa aache kidonge. Daktari alimuuliza kama yeye huchomoa uzi kwenye suruali ikishamkaa mteja vizuri. Fundi alisema daktari anaanza kuwa na mdomo, na akaendelea kumeza.

Mwaka ulipita, na wa pili ukaingia. Daktari alikuja dukani kushonewa suruali, akasimama mbele ya kioo. Futi ilipomgusa kiunoni, kitambi kile cha heshima kikarudi ndani chenyewe.

"Achia," fundi alisema.

"Nimeachia."

"Daktari!"

Kitambi kikaachiwa. Fundi aliinama kusoma futi, akanyoosha mkono kuchukua chaki, na kastabini ikamponyoka kidoleni ikaanguka sakafuni. Ilibingirika hadi chini ya cherehani. Mke wake aliiokota, akamvalisha, ikaanguka tena.

Fundi alikigeuza kidole mbele ya mwanga wa mlango, pale alipokuwa akikaa baba yake. Kinundu kilikuwa kimenywea hadi hakionekani tena. Alivua miwani akaifuta, na daktari na mke wake waliona, wakajitia kukagua kitambaa cha suruali.

"Mke wangu," alisema alipoivaa tena, "nikatie kipande kidogo cha kitambaa. Hii ya mzee inanipwaya."