Simu Niliyoikata Kabla ya Jibu la Daraja

Haya, chekeni mapema tuyamalize, maana aibu yenyewe ni kubwa na aliyeitafuta ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, asubuhi kweupe, nimevaa shati lililopigwa pasi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu, jirani na Kilosa. Masika barabara ya Mikumi haikuaminika, daraja la mbao la mto Miyombo lilizama na kuibuka lipendavyo, basi kabla ya kila safari nilikwenda stesheni, naomba simu yao ya kukoroga, napiga kituo kidogo cha treni ng'ambo ya mto, nauliza daraja likoje leo. Aliyepokea ni karani mmoja, Perpetua, binti wa milimani aliyesomeshwa na wamisheni. Nilikuwa nimemwona mara tatu tu (ya tatu alinipa mgongo, lakini naihesabu). Akisema, "Maji yako chini ya mbao, pita salama," ile "pita salama" naibeba hadi Mikumi na kurudi nayo, mpaka ikawa hata kiangazi, vumbi tupu, mimi bado naenda kuulizia maji.

Siku ya aibu yenyewe, masika, nilikuwa nampeleka bi harusi Mikumi, Mwanahawa, na shangazi yake na akina mama na ngoma zao. Stesheni masta alikuwa nje na treni ya mizigo, nikajikuta peke yangu na simu, na vigelegele navisikia kutoka kwenye lori. Harusi ya mwenzako hukutia ujinga.

"Unataka habari za daraja, dereva?" Perpetua akauliza.

"Daraja baadaye," nikasema, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikamwambia silali, nikamwambia mvua ikinyesha nafurahi kwa kuwa nitapata cha kuuliza, nikamwambia dini zetu mbili, Uislamu wangu na Ukristo wake, tutajua la kufanya, nikaendelea tu kama maji ya bomba.

Kisha sauti nzito ya mwanamume: "Dereva, hapa Kidodi. Hebu rudia hapo pa mvua."

"Mikumi tumesikia yote!" akadakia mwingine.

Laini ilikuwa moja kwa vituo vyote (nilijua! nilisahau!). Katikati ya vicheko nikamsikia Perpetua, "Subiri, dereva, nisikilize kwanza..." Nikaitundika simu.

Kupiga tena? Na uso gani? Nikarudi kwenye lori.

"Mwanangu, daraja zima?" shangazi mtu akauliza.

"Zima, shangazi."

Tulipofika Miyombo hapakuwa na daraja, palikuwa na maji ya rangi ya udongo yanayokwenda kwa hasira. Ngoma zikanyamaza. Shangazi akashuka, akautazama mto, akanitazama mimi. "Ndilo zima hili?" Mwanahawa akaanza kulia. Kwa haraka ya kuficha uso wangu nikageuza lori vibaya, likanasa matopeni mpaka ekseli, na akina mama wale na khanga zao mpya wakashuka kusukuma.

Ng'ambo walisimama watu wa bwana harusi waliokuja kutulaki, na habari za simu zilikuwa zimewafikia, maana mmoja alipaza sauti, "Huyo ndiye dereva wa mvua!" Wakacheka, na akina mama wakataka kuelezwa, wakaelezwa, kwa kupokezana kelele juu ya mto mzima.

Perpetua naye alikuwepo, na sare yake ya kazi. Akakusanya mikono mdomoni. "Ningekwambia! Jibu langu lilikuwa..." Yaliyobaki mto uliyachukua. Niliona midomo tu. Nami nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimesikia.

Harusi ilifungwa siku tatu baadaye. Mwanahawa alinisamehe, shangazi yake hakunisamehe. Maji yalipopungua nilikwenda kile kituo kwa miguu, nikamkuta karani mwanamume. Perpetua alikuwa amehamishiwa Tabora.

Alikuwa anazungumzia daraja, au mimi? Mwaka mmoja nilipanda treni hadi Tabora, nikasimama mbele ya dirisha la stesheni, nikaulizwa nataka nini, badala ya kumuulizia Perpetua nikauliza treni ya Mwanza inaondoka saa ngapi, nikajibiwa, nikashukuru, nikaondoka.

Sasa nikiuliza jambo nasubiri jibu lake, hata wacheke wote, hata liwe baya. Simu siikati tena mimi.