Wageni Waliokaanga Mbegu

Nakumbuka Jumamosi moja tulipoondoka Tunduma tukicheka, na kila nikiikumbuka, mwanangu, hasira inanipanda upya. Watu huniambia nimezeeka, nisamehe, nipumzike. Nitapumzika nikimaliza kusema. Umekuja kuniaga na begi lako mgongoni, unaniambia wewe na wenzako mnakwenda Msangano kwa wazazi wa mwenzenu, Ijumaa mpaka Jumapili, kupunga upepo. Vizuri. Kutembea ni kuzuri. Lakini nimemsikia yule rafiki yako mwenye miwani ya jua akisema pale mlangoni, "Huko ni kula tu, kila kitu bure." Basi kaa chini. Waite na wenzako waje wasikie, na huyo wa miwani akae mbele.

Wakati huo nilikuwa binti mbichi, nauza vitenge sokoni Tunduma. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu vilivyokuwa vikipitishwa kwa kujificha sasa vilipangwa mezani mchana kweupe, Wazambia wanavuka kuja kununua kwetu na sisi tunavuka kwenda kununua kwao. Tulikuwa mabinti wanne, meza zetu zimefuatana. Kulikuwa na Skola, mzaliwa wa huku huku Mbozi, binti wa wakulima, mwenye mdomo mwepesi na kicheko cha kuita wateja. Kulikuwa na Eliza, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka chochote alichosema Skola. Na Zaina, aliyetoka Kondoa akimfuata kaka yake dereva wa malori, mpole, mtu wa kuuliza kabla ya kugusa. Wa nne ni mimi. Tulikula sahani moja na kulindiana meza mmoja akiugua, na watu walidhani tumezaliwa tumbo moja.

Mimi ndiye niliyewaalika. Shangazi yangu Yusta, dada wa baba, aliishi Iyula, mjane, na shamba lake la mahindi na mibuni michache nyuma ya nyumba. Nikawaambia wenzangu, vumbi la sokoni limetujaa kooni, twendeni kwa Shangazi tukapumue. Wakashangilia. Skola akabeba redio kaseti yake mpya aliyoinunua ng'ambo, na tulipopanda nyuma ya pikapu pale Mlowo akaifungulia sauti mpaka mwisho. Tuliimba njia nzima. Mwanangu, usidhani nachukia furaha. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma.

Shangazi alitupokea kwa vigelegele. Sote tukapiga magoti kidogo, "Shikamoo Shangazi," isipokuwa Skola, aliyenyoosha mkono akasema, "Mulishani!", salamu ya Kibemba tuliyokuwa tukiwapa wateja sokoni. Eliza akaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, akamjibu kwa Kiswahili, "Mzima, mwanangu, karibu." Nilikunja uso kidogo, lakini nikaona ni utani tu.

Alituchinjia jogoo. Alitupa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Mchana tulishuka mtoni, tukafua, tukarushiana maji, tukala mapera mpaka midomo ikatukakamaa. Jioni tulicheza muziki uani na Shangazi akafunga kanga kiunoni akatuonyesha ngoma ya ujana wake. Zaina alijaribu kumwiga akaanguka chali. Nakwambia haya ili ujue mama yule alitupa nini kabla hatujamfanyia tulichomfanyia. Yaani walichomfanyia. Mimi sikuwepo, na hilo silisemi ili kujitakasa.

Sasa sikiliza vizuri. Jikoni kwa Shangazi, juu ya meko, kulikuwa na ufito, na kwenye ufito yananing'inia mahindi mawili mawili, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Mtoto yeyote wa wakulima wa huku anajua hayo ni nini. Si chakula hayo. Ni mbegu. Mtu huyachagua mwenyewe shambani wakati wa kuvuna, yale marefu yenye punje nzito, akayatundika juu ya moto ili moshi uyalinde na mdudu dumuzi hadi mvua za kwanza. Nyumba inaweza kulala njaa, hayo yakabaki pale pale.

Na mwaka ule ndiyo yalikuwa roho ya Shangazi. Msimu uliopita, mbegu na mbolea za nafuu zilikuwa zimekoma kuja kama zamani, kila mtu anaambiwa akanunue dukani. Alinunua mbegu ya mfuko kwa mchuuzi mmoja aliyepita na maneno matamu. Aliipanda yote. Iliota hapa mmoja na pale mmoja, shamba likawa na mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Alichovuna vizuri kilitoka kwenye kipande kidogo alichopanda mahindi ya marehemu mama yake. Hayo ndiyo aliyoyatundika, na tulipofika mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na mashamba yameshalimwa.

Jumapili asubuhi nikaenda kanisani na Shangazi. Wenzangu walisema wamechoka. Zaina si wa kanisani, hilo nalielewa. Tukawaacha na chai na viazi, tukaenda.

Tuliporudi tulisikia redio kutoka mbali, halafu nikasikia harufu ya mahindi yaliyokaangwa kwa chumvi. Nikatabasamu, nikidhani jirani. Tukaingia uani. Skola na Eliza wameketi kwenye mkeka, kikaango katikati yao, wanatafuna na kutikisa vichwa kwa muziki. Pembeni kuna lundo la magunzi matupu na maganda meusi kwa moshi. Zaina ameketi mbali nao, mikono mapajani, hajala.

Shangazi aliwapita wote. Aliingia jikoni. Nilimfuata nikamwona ameinua uso kutazama ufito. Ulikuwa mtupu. Akachota maji kwa kata, akatoka nayo, akawainamia. "Mmeshiba, wanangu? Nawieni mikono."

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilizima ile redio kwa kofi. "Skola! Unajua umekula nini?"

"Mahindi," alisema, bado anatafuna. "Si mahindi tu?"

"Yalikuwa wapi?"

"Ah, acha ushamba wewe. Mbegu siku hizi ziko dukani. Nitamnunulia Shangazi mfuko nikirudi mjini, yaishe."

Eliza akacheka. Akacheka, mwanangu! Basi nikajua kwamba Skola alijua. Hakufanya kwa kutojua. Kwao kuna ufito kama ule na mama yake angemvunja mkono kwa kuugusa. Zaina, mtoto wa Kondoa, ndiye aliyekuwa amewauliza, "Jamani, haya si ya mbegu? Yamefungwa vizuri hivi?" Wakamwambia anyamaze, mambo ya Mbozi hayajui.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Nyuma ya mlango wa chumba tulicholala kulikuwa na gunia la mahindi ya kula. Tulilikanyaga usiku tukitafuta viatu. Wangemuuliza Shangazi, au wangesubiri arudi, angewapimia mwenyewe na karanga juu yake. Waliona uvivu wa kufungua gunia.

Skola akataka kumpa Shangazi fedha pale pale. Shangazi akamfumba kiganja kwa upole, akasema, "Mwanangu, hii ukiipanda haioti." Kisha akanivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Siwezi kwenda kuomba mbegu sasa hivi. Mvua inanukia. Mwanamke mzima anayeomba mbegu wakati huu, watu wanasema nini? Wanasema amekula mbegu yake. Mimi sijawahi kusemwa hivyo tangu niolewe kijiji hiki. Nitapanda maharage tu, Mungu anajua."

Maharage tu! Mwaka mzima bila ugali wake mwenyewe, ili asitukanwe kwa ulafi ambao si wake. Na wageni wake asiwaaibishe, maana kwake mgeni haaibishwi. Nikarudi uani nikawaambia, "Inukeni. Wengi hapa walipewa mbegu ile ile na Shangazi miaka ya nyuma. Mtapita nyumba kwa nyumba mkaiombe. Na kila mlango mtasema kwa midomo yenu wenyewe kwamba ni nyinyi mliokula, si yeye."

"Mimi nikaombe mahindi vijijini?" alisema Skola. "Watu wananifahamu hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka!" Akabeba begi lake na redio yake, akaenda kukaa kando ya barabara kungoja pikapu. Eliza alisimama katikati, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Alikuwa ameanza kulia.

Aliyetangulia kusimama ni Zaina, ambaye hakula hata punje. Alijifunga kanga, akasema, "Mimi nitasema. Nilikuwepo, na nilinyamaza waliponiambia ninyamaze." Akamshika Eliza mkono wakatoka, nami nikawafuata nyuma.

Ningependa ungewaona. Nyumba ya kwanza Zaina alipiga magoti akasema, "Mama, sisi ni wageni wa Mama Yusta. Tumekula mbegu yake akiwa kanisani. Yeye hana kosa. Tunaomba, kama ipo." Mama yule aliwatazama kama anayetazama nyoka ndani ya nyumba. Akawatukana vizuri, kwa Kinyiha na kwa Kiswahili, asije mmoja akasema hakuelewa. Halafu akaingia ndani akatoka na mahindi mawili. Nyumba nyingine walipewa moja. Nyingine walipewa matusi matupu, nako Zaina alishukuru. Bibi mmoja alimkalisha Eliza chini akamhoji mpaka akataja jina la babu yake. Pikapu ilipita, Skola akapanda bila kugeuza shingo, na wale wawili walikuwa bado wanabisha hodi. Tukalala siku nyingine, soko la Jumatatu likatupita.

Mbegu waliyokusanya ilitosha karibu nusu ya shamba. Lakini jioni ile ile kijiji kizima kilijua nani amekula, na hapakuwa na mtu wa kumnyooshea Yusta kidole. Majirani walikuja kumpa pole na kanga zimefungwa mafundo, kila fundo na punje kidogo. Shangazi alilia hapo, wala si mapema. Aliponisindikiza asubuhi aliniambia, "Wageni wako nimewapenda. Lakini usiniletee tena mtu anayecheka kabla hajajua amefanya nini." Nilipokea maneno yale nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemfungulia Skola mlango.

Unadhani yaliishia hapo? Tulipofika sokoni tulimkuta Skola ameshasimulia, wateja wanashika mbavu, jinsi marafiki zake walivyogeuka ombaomba wa mahindi Iyula. Nilimwendea mezani kwake mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyekula, na wenzako wamekwenda kukuombea msamaha. Malizia hadithi." Watu wakamgeukia. Hakumalizia. Tulikaa meza jirani miaka mingi baada ya hapo na sikuwahi kumwazima hata chenji. Mnaniambia nisamehe. Aje aniombe, au afadhali aende kwenye kaburi la Shangazi akaombe huko, kisha tutazungumza.

Kwetu binti akiolewa, mama yake humfungia mahindi ya mbegu akaanzie maisha kwake. Zaina alipoolewa, mama yake akiwa mbali Kondoa, lori lililotoka Mlowo lilimletea kifurushi kutoka Iyula. Mahindi mawili, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Zaina alikaa nacho mapajani siku nzima, na watu wa harusi hawakuelewa analilia nini.

Basi, mwanangu, na nyinyi wote mliosimama hapo. Nyumba ya mtu si hoteli. Mkifika Msangano salimieni kwa heshima, hata kama mwenye nyumba amevaa nguo iliyochanika. Kuleni mnachopewa na msifu. Msichopewa ulizeni, hata kiwe kikavu na cheusi na kimetundikwa tu, kwa sababu hamjui mwenyewe anakitegemea kwa lipi. Mkiharibu, semeni nyinyi, kwa sauti, mbele ya wale watakaomlaumu mwenye nyumba. Fedha mfukoni haimtoi mtu kwenye aibu aliyomtia mwenzake. Na wewe wa miwani, ukiona wenzako wanakosea na unaambiwa unyamaze, usinyamaze kama alivyonyamaza Zaina asubuhi ile. Yeye mwenyewe alijuta hadi mwisho.

Sasa nendeni. Mungu awafikishe salama, awape usingizi mzuri na chakula cha kushiba, na mkiondoka yule mama wa Msangano abaki mlangoni akiuliza mtarudi lini. Na atakayegusa cha mtu bila kuuliza, namwombea barabara ya Momba, hiyo ya kutoka Msangano, imrudishe kwa miguu, na juani, hadi nyumbani kwangu.