Jina Lililobaki kwenye Machela

Kwa kuchekesha watu, mimi ni fundi. Mwalimu wa hesabu akigeukia ubao, darasa zima hunigeukia mimi. Naiga mwendo wa mwalimu mkuu, kikohozi cha kasisi, hata mama yangu akigombana na muuza sukuma wiki. Mama husema mdomo huu utakuja kunizika. Kufikia sasa umemzika mtu mwingine, tena yuko hai, mlango wa tatu kutoka kwetu.

Ni mzee mmoja mrefu, mwenye goti bovu, anayeishi peke yake. Hapa Kaloleni, Nairobi, kila mtu alijua kwamba alipigana Burma katika vita vya pili vya dunia, akiwa askari wa mfalme wa Kiingereza. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anavaa koti la kijivu, medali tatu kifuani, anavuka barabara kwenda soko letu, nalo huitwa Soko la Burma, kunywa supu ya kichwa. Mwenye bucha pale sokoni alikuwa akimwona tu anasimama wima na kisu mkononi, anapiga saluti. "Karibu, Afande!" Mzee naye anamrudishia saluti kwa kijiko. Sisi watoto tulimtungia hadithi zetu: amekula nyoka, ameua watu mia kwa mkono wa kushoto. Hakukubali, hakukataa. Alikunywa supu.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa historia alitaka mzee aliyeona vita aje azungumze Siku ya Wazazi. Alisema atakayemleta hatafagia darasa wiki mbili. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Nilimkuta mlangoni kwake akisugua medali kwa majivu na kipande cha limau.

"Mzee, habari ya mchana."

"Habari ni hii unayoiona. Sema unataka nini. Wewe huji bure."

Nikamweleza, nikitia asali nyingi. Alisugua, akasugua, mpaka nikadhani amenisahau.

"Mimi sikupiga bunduki, kijana."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

"Nilikuwa mtu wa machela. Watu wanne, kitanda cha turubai, majeruhi juu yake. Mvua haikatiki. Tope mpaka hapa." Akajigusa goti. "Medali walitupa sote tuliorudi."

"Sasa utawaambia nini?"

"Nitakuja kwa sababu ya jambo moja. Kulikuwa na kijana wa kwetu, tuliandikwa jeshi siku moja. Tulimbeba siku tatu. Ya tatu akatufia njiani, tukamzika kando ya njia, hata msalaba hatukuwa nao. Niliporudi mama yake akaniuliza, nikamdanganya kwamba alizikwa vizuri, kwa tarumbeta na kila kitu." Aliweka medali kwenye goti. "Jina lake halijawahi kutajwa mbele ya watu. Hata mara moja. Nataka nilitaje hapo shuleni, watu wasimame kidogo, waketi. Basi. Hayo mengine ni ya kupitisha wakati."

"Sawa, mzee."

"Na mambo ya bunduki usiniulize mbele za watu."

"Siwezi, mzee. Haki ya Mungu."

Niliapa kwa hilo jina la Mungu huku nikihesabu siku ambazo singeshika ufagio.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazazi walikuwa mbele, sisi nyuma. Mzee alipewa kiti akakikataa, akasimama. Alianza polepole. Akasema juu ya mchele wenye wadudu, juu ya ruba wanyonya damu waliowaingia ndani ya soksi, juu ya mvua. Alikuwa kama mtu anayepanda ngazi, kila neno analikanyaga kwanza kama litamshika. Mimi nilijua anakokwenda. Wengine hawakujua, wakaanza kupiga miayo. Rafiki yangu aliyeketi nyuma akapiga teke kiti changu.

"Buda, tunalala hapa. Amsha watu."

Ni hilo tu. Hakunipa chochote, hakunitisha. Teke moja la kiti, nami nikainua mkono, nikasimama.

"Mzee, wewe mwenyewe uliua maadui wangapi?"

Ukumbi ukaamka. Mzee akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama unavyomwangalia mbwa wa kwenu aliyekuuma.

"Hata mmoja," akasema. "Nilikuwa nabeba machela."

Watu wakanong'onezana. Ningeweza kuketi hapo. Kiti kilikuwa nyuma yangu, miguu yangu inajua kukunjika.

"Kwa hivyo hizo medali ni za mkokoteni?"

Paa nusura ling'oke. Walicheka wanafunzi, wakacheka wazazi. Mwenye bucha, ambaye binti yake yuko kidato cha kwanza, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa tai. Nami nikainama kidogo, kama mchezaji aliyefunga bao.

Mwalimu wa historia alitaka kumwokoa mzee. Akasema kubeba majeruhi ni kazi ngumu sana, tena labda mzee angetuonyesha ilivyofanywa. Wakaleta benchi, kijana mmoja akalala juu yake, watatu wakashika pembe, mzee akashika ya nne. Akawaambia kitu. Niliona midomo yake: msiende pamoja, msiende pamoja. Hakuna aliyesikia, kwa sababu nilikuwa nimeweka viganja mdomoni.

"Lefti! Raiti! Lefti! Raiti!"

Ukumbi wote ukanipokea kwa makofi. Wale vijana watatu, masikini, wakafuata makofi. Mzee peke yake akawa anatembea vingine, hatua yake inaangukia katikati ya zao, kama mtu asiyejua gwaride hata kidogo, na watu wakazidi kucheka: askari gani huyu hajui lefti ni ipi? Benchi likaanza kuyumba. Likayumba zaidi. Aliyekuwa juu akaporomoka, akamshika mzee shingoni, wakaenda chini pamoja. Medali moja ilibingirika mpaka chini ya viti vya wazazi.

Alijiinua mwenyewe. Akachukua kofia yake mezani, akatoka kwa mlango wa kando akichechemea. Jina hakulitaja. Katika ukumbi mzima ni mimi tu niliyejua kwamba kuna kitu hakikusemwa. Na hapo hapo wenzangu walikuwa wamenibeba juu juu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa sokoni, nimetumwa mifupa. Mzee akaja na koti lake. Medali zilikuwa mbili. Mwenye bucha hakusimama.

"Machela!" akaita. "Njoo unibebee hiki kichwa cha ng'ombe!"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee alisimama pale palipo na mfereji wa maji machafu, akageuka, akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo hakwenda tena. Watoto wadogo wakalidaka lile jina, wakawa wanalipigia kelele dirishani kwake na kukimbia. Jina la mwenzake hatukulisikia. Hilo la Machela tulilisikia mchana kutwa.

Nilijaribu kurekebisha, msidhani sikujaribu. Ijumaa moja, gwarideni shuleni, niliomba ruhusa nizungumze. Nikaanza, "Yule mzee aliyekuja shuleni..." Wakacheka. Nikasema, "Hapana, nasema ukweli," wakacheka zaidi, wakingoja kuona utani uko wapi. Sauti ikanikatika. Walidhani namwiga mtu, mmoja akapaza sauti, "Huyo ni kasisi! Huyo ni kasisi!" Mwalimu wa zamu akanipa kuchimba kisiki cha mti kwa kuharibu gwaride. Nilichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, na sikujisikia nafuu hata kidogo.

Kisha zikaja mvua za Aprili. Mama muuza mandazi wa mtaa wetu aliteleza pale bombani, mguu ukavunjika chini ya goti. Gari lisingeweza kuingia, njia yote ilikuwa uji. Tukang'oa mlango wa choo kimoja, tukamlaza juu, tukashika vijana wanne. Wote tulikuwa tumepitia skauti. Tukaanza kwenda kama tulivyofunzwa, mguu kwa mguu. Kila hatua mlango ukawa unaruka, na kila ukiruka yule mama alipiga ukelele uliotutoa jasho.

"Vunjeni hatua!"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake na fulana, bila viatu.

"Vunjeni hatua, nyinyi! Hili si gwaride. Mkienda pamoja mnamtikisa. Wewe anza na wa kulia. Wewe ngoja, ngoja... sasa. Kila mtu ashike mwendo wake." Akatupanga mmoja mmoja kwa kutugusa bega. Aliponifikia mimi, mkono wake haukuwa mzito kuliko kwa wengine. "Na wewe usisikilize mguu wa mwenzako. Sikiliza mgonjwa."

Mlango ukatulia. Sijui nieleze vipi. Ulikuwa kama ngalawa inayotikisika, ghafla ukawa meza. Yule mama aliacha kupiga kelele, akaanza kulia tu, polepole, akimwita Yesu. Mzee alitembea kando, ameshika ule mguu kwa mikono miwili, tope mpaka gotini, goti lile bovu. Tulipita mbele ya soko. Mwenye bucha akatoka, akafungua mdomo. Halafu akaona. Akaufunga, akaweka kisu chini, akaja kunipokea pembe yangu. Mzee hakumwangalia.

Barabarani tukapata pikapu, mama akapelekwa hospitali. Watu wakatawanyika. Tukabaki mimi na mzee, yeye akikwangua tope mguuni kwa kijiti.

"Mzee, nisamehe."

"Umebeba vizuri," akasema, bila kuinua kichwa.

Nilitaka anitukane. Ningejua la kufanya na matusi.

"Mzee, lile jina. Niambie mimi. Nitalitaja. Gwarideni, kanisani, popote unapotaka."

Hapo akainua macho. Alinitazama kama mtu anayepima kamba kabla ya kufunga mzigo.

"Wewe ukilitaja," akauliza, "watu watafanya nini?"

Nikakumbuka vile vicheko vya gwarideni. Alitupa kijiti, akashika njia ya kurudi nyumbani. Nikamfuata kwa nyuma mpaka mlangoni kwake, mdomo nimefunga, nikijitahidi hatua yangu isilingane na yake.