Masharubu ya Grafu ya Arobaini na Mbili

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Asubuhi mawingu mepesi, saa nne jua likatoka, upepo wa kutosha kukausha nguo.

Kazi ya mama mmoja katika kituo cha utafiti wa nafaka ilikuwa kurudisha namba zilizopotea. Daftari za vipimo vya zamani zililiwa na mchwa, zikabaki grafu tu kwenye ripoti zilizochapishwa. Ripoti zilipigwa skana, naye alikaa mbele ya kompyuta akibofya: kwanza namba ya chini na ya juu kwenye mstari wa pembeni, ili mashine ijue kipimo, kisha kila nukta, kisha ncha mbili za kijiti kinachopita kwenye nukta, kile kinachoonyesha kipimo kingeweza kukosea kwa kiasi gani. Vijiti hivyo ofisini waliviita masharubu, na yeye wakamwita Mama Nukta. Jina alilipokea kwa moyo mweupe. Kila nukta aliibofya mara tatu akachukua wastani, na kila grafu ikiisha alijipongeza kwa pipi moja ya tangawizi.

Grafu ya arobaini na mbili ilimtoa jasho. Ilionyesha idadi ya wadudu kwenye kilo ya mahindi ghalani, kwa wiki kumi na nane. Kwa kawaida ya kituo masharubu yanapaswa kulingana juu na chini, lakini hapa ya chini yote yalikuwa marefu. Nukta ya wiki ya sita ilisomeka hamsini na nusu, sharubu la juu lina urefu wa karibu tisa, la chini kumi na tano. Mwenzake wa meza ya pili alichungulia, akasema aliyechora alikuwa anawahi chai. Msimamizi hakucheka. Alisema mchoraji alilipua kazi, na kesho saa nne grafu hiyo inaingia kwenye orodha ya zinazotupwa.

Mama Nukta aliikuza picha. Kwenye kona ya grafu palikuwa na herufi mbili ndogo za wino, na mwenye herufi hizo alimjua. Alikuwa baba mkwe wake, aliyestaafu kituoni hapo, na sasa alikaa nyumbani kwa mwanawe katika chumba cha uani. Mzee ambaye hata kitunguu alikikata vipande vinavyolingana.

Jioni alimkuta akikunja nguo zilizokauka, pindo kwa pindo. Akamwamkia, akashika ncha ya shuka, akaanza kuzungukazunguka na maneno. Utamwambiaje baba wa mumeo kwamba kazi yake imeonekana ya ovyo? Aliuliza habari za mgongo, akauliza habari za redio, mpaka mzee akasimamisha mikono.

"Mwanangu, toa lililoko kifuani. Shuka hili tumeshalikunja mara mbili."

Basi akatoa nakala ya grafu mkobani, akaeleza yote macho yakiwa chini. Mzee akavaa miwani. Kwenye mstari wa pembeni palikuwa na namba 1 chini, 100 juu, na katikati muhuri wa maktaba, mweusi kama chungu.

"Hapa chini ya muhuri umeweka ngapi?"

"Sijaweka kitu, baba. Kompyuta imegawa yenyewe. Hamsini hivi."

"Ni kumi."

Hakukasirika. Alianza kucheka hata kabla ya kumaliza kueleza. Wadudu wanazaana haraka mno, alisema. Kwenye karatasi ya kawaida wale wachache wa mwanzo wanalala sakafuni, huwaoni. Ndiyo maana alitumia karatasi ambayo kila hatua ni mara kumi: moja, kumi, mia. Mistari yake midogo haikutoka kwenye uchapaji. Na kwenye karatasi hiyo masharubu yanayolingana kwa namba lazima yaonekane marefu upande wa chini. Yule wa maktaba alimkataza mara tatu asipige muhuri juu ya michoro, na yule hakusikia mpaka mzee akastaafu.

Mama Nukta akafanya hesabu pale pale juu ya rundo la mashuka, kwa kikokotoo cha binti yake. Wiki ya sita: nukta kumi, ncha ya juu kumi na tano, ya chini tano. Tano huku, tano huku. Akajaribu wiki ya saba, nayo ikakubali. Alicheka mpaka mumewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akaelezwa, hakuelewa, akacheka nao.

"Sasa nani alilipua kazi?" mzee akauliza.

"Mimi, baba. Kwa kubofya namba ya chini na ya juu tu, ya katikati nikaiacha."

"Basi mashuka yaliyobaki ni yako."

Alhamisi asubuhi alifika kabla ya wote, mzee akiwa nyuma yake, shati limepigwa pasi na masharubu yamepunguzwa sawasawa. Mama Nukta alimwambia msimamizi kosa lilikuwa lake yeye, akamwekea mezani hesabu za wiki zote kumi na nane. Msimamizi alizipitia, akaifuta arobaini na mbili kwenye orodha, akampa mzee kiti chake. Kisha Mama Nukta akafungua grafu ya kwanza, akaanza upya kutazama katikati ya kila mstari wa pembeni kuna nini.